Kibodi ya Dirhamu Sitini na Namba Isiyo Yangu

Lalla Battul,

Jumanne ya tarehe kumi na moja Novemba, saa tano kasorobo asubuhi, nilipoteza kibodi yangu niliyofanya nayo kazi miaka tisa, na naanza na hilo bila kuzunguka kwa sababu najua safu yako ya gazetini ni ya wenye kugombana na mawifi na wanaume wasiorudi nyumbani, na mimi mume sina, nilimwacha mwenyewe, lakini naomba unipe nafasi kidogo maana nimekwama na sina wa kumwuliza ambaye hatanicheka.

Mimi ni mwandishi wa barua za watu hapa Kasablanka. Nina kibanda mbele ya ofisi ya mtaa, kompyuta moja, printa moja, viti viwili, na hakuna aliyenipa hata kimoja, nilijifunza kucharaza kwa kufagia ngazi za chuo na kukaa nyuma darasani nikiwa na ndoo yangu. Mtu asiyejua kuandika anakuja, anakaa, anasema shida yake, mimi namtazama usoni na vidole vinakwenda, kisha namsomea barua yote kwa sauti ndipo anapiga dole gumba. Dirhamu kumi na tano kwa barua. Siku hiyo alikuja Ghannu, anamshtaki jirani wa juu anayekung'uta mazulia kichwani kwake, na katika kunionyesha jinsi yule mwanamke anavyopiga zulia akainua mkono, na glasi ya chai ya nanaa ikamwagikia kibodi yote. Maji yangekauka, Lalla, ila sukari yetu unaijua. Ghannu akasema, "Maskini, Mungu atakupa iliyo bora zaidi, Mahjuba," akaondoka na barua yake iliyoandikwa nusu, na hakulipa.

Nilikuwa na dirhamu mia na ishirini za kununua nyingine, mia na ishirini na si zaidi. Nikaenda soko la Derb Ghallef mchana huohuo. Niliona kibodi ndogo za sabini, nzuri, nyepesi, lakini hazina namba upande wa kulia, na wewe unajua kibodi zetu, namba za juu hazitoki mpaka ushikilie kitufe kingine, na barua ya mtu ina namba ya kitambulisho, namba ya simu, namba ya nyumba, nitashikilia mpaka lini? Nikaona ya bila waya, mia na hamsini, inakula betri. Nikaona mpya ya mia na kumi yenye namba, nikasita, maana ningebaki na dirhamu kumi na wino wa printa ulikuwa unaisha. Muuzaji mmoja akanionyesha nyingine inayowaka taa, akasema, "Hii ina rangi saba, Lalla." Nikamwambia, "Mimi naandika malalamiko ya maji taka, sipigi muziki harusini."

Mwisho nikafika kwa Jawad, anayeuza vya mkono wa pili. Alinitolea kibodi kutoka chini ya meza, nzito, rangi ya samli, waya mnene. Herufi zote zimefutika, vitufe vitupu, zimebaki namba za kulia tu.

"Riali elfu moja na mia mbili," akasema, yaani dirhamu sitini.

"Jawad, hii haina hata herufi moja."

"Kwani wewe ukicharaza unaangalia vidole?"

"Siangalii."

"Basi unataka kununua herufi za nini?"

Nikacheka. Nikamwuliza ilikuwa ya nani. Akapuliza vumbi, akasema, "Ya mtu asiyeihitaji tena." Akanipa dhamana ya mwezi mmoja, nikiirudisha kabla ya alasiri ya Alhamisi, tarehe kumi na moja Desemba, ananirudishia arobaini. Nikapiga hesabu, nikaona sijapoteza kitu, nikabeba.

Sasa sikiliza. Kibodi ile inacharaza vizuri kuliko zote nilizowahi kugusa, hilo siwezi kulikana. Lakini asubuhi ya pili, nikiifuta kwa kitambaa, nikaona kitu kwenye zile namba za kulia. Sita, mbili, tisa na sifuri zimechimbika, unaweka kidole na kidole kinazama mahali pake. Nyingine zote, moja, tatu, nne, tano, saba, nane, ni mpya, hata zile alama zake bado zinang'aa. Lalla Battul, mwandishi gani hagusi moja? Hata tarehe tu haiandikiki bila moja. Halafu vitufe vingine vyote vinalia ukivigonga, lakini hivyo vinne havilii. Vinashuka tu.

Wiki ya pili akaja bwana tunayemwita Si Allal, yule anayeuza supu ya konokono kwenye kona, nilikuwa nimemwandikia barua ya kibali cha mkokoteni. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mahjuba, umeniozesha bila kuniambia?"

"Nini tena, Si Allal?"

"Ofisini wananiambia wamenipigia simu mara tatu, kapokea bibi kizee. Hata hakuuliza nani anapiga. Kauliza tu, 'Mmempata?' Wakakata. Sasa mimi mke wangu yuko nyumbani, hajapotea, na wala sina bahati hiyo."

Nikachukua nakala yake. Namba ya simu iliyo chini haikuwa yake. Ilikuwa sita, mbili, tisa na sifuri, zimepangwa kwa namna yake, hakuna tarakimu nyingine. Mimi, Lalla, ambaye nakumbuka namba za simu za wateja wa mwaka wa kwanza! Nikasema nimechoka, nikamwandikia upya bure. Kesho yake akaja mjane wa mita ya maji. Kesho kutwa mzee wa mirathi. Mpaka juzi ni watu watano, na namba ni ileile kwa wote watano, na kila simu iliyopigwa kutoka ofisini imepokelewa na bibi huyohuyo kwa neno hilohilo.

Nimejaribu. Nikiangalia vidole, namba inatoka sawasawa. Nikimwangalia mteja usoni, kama nilivyofanya miaka yote, inatoka ile. Na usiniambie sisomi tena, maana namsomea kila mtu barua yake mpaka mwisho, na namba yake namtajia mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, na anaitikia ndiyo. Jumapili nilikuwa nakanda unga wa mkate, nawaza mambo mengine kabisa, nikatazama chini nikaona mashimo ya vidole kwenye donge, yamepangwa, nikayahesabu, yalikuwa kumi, kama tarakimu za namba ya simu. Nikalifunika kwa kitambaa na mkate huo sikuula.

Karani wa dirishani, Lalla Ilham, ambaye tumekunywa chai pamoja miaka mingi, jana aliniita pembeni. "Barua tano, simu moja," akasema. "Watu watano wa mitaa mitano wote wanaishi kwa bibi mmoja? Nikuambie ukweli, dada yangu, huko juu wameanza kusema unauza namba za watu. Moja zaidi, moja tu, na karatasi iliyotoka kibandani kwako siipokei tena." Na asipopokea yeye, mimi sina kazi. Huo ndio mkate wangu wote, sina mwingine.

Namba yenyewe sijaipiga. Nimeshika simu mara nne nikaiweka chini. Siogopi jini, mimi nimelala peke yangu miaka kumi na mbili. Naogopa ataniuliza lile swali, na mimi sina jibu.

Basi hesabu yangu ni hii. Wale watano nimewaandikia upya bila malipo na nimewarudishia pesa zao, na mkononi nimebaki na zile sitini nilizoziweka kando. Nikirudisha kibodi kwa Jawad napata arobaini, inakuwa mia, na mpya yenye namba ni mia na kumi. Nikibaki nayo nabaki na kazi yangu nzuri na vidole vyangu vibaya. Barua hii nimeicharaza kwa kibodi hiyohiyo kwa kuwa sina nyingine, na namba yangu ya simu nimeiweka chini kama sheria ya safu yako inavyotaka, ile yenye saba tatu ndani yake, nimeikagua mara tatu.

Sitaki maneno ya subira. Niambie waziwazi, niirudishe au nisiirudishe, na ninunue ipi, na jibu liwe limetoka kabla ya Alhamisi alasiri, maana Jawad hataongeza hata saa moja.

Mahjuba, mwandishi wa barua, Kasablanka

*

Mahjuba, dada yangu,

Utajibiwa waziwazi, ila lazima nianze na jambo ambalo hukuliuliza.

Nilikupigia. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, nilitaka tu kukuuliza huo waya mnene unaingia tundu lipi la kompyuta yako, maana mimi pia nimewahi kununua kitu kizee kikakosa pa kuingia. Simu haikumaliza mlio wa kwanza.

"Mmempata?"

Nikasema, "Mahjuba?"

"Hapana, binti yangu. Zuhair."

Barua yako iko mezani kwangu sasa hivi, na miwani yangu iko puani. Namba uliyoiweka chini haina saba hata moja. Ina sita, mbili, tisa na sifuri. Umeikagua mara tatu, unasema. Nakuamini kabisa kwamba ulikagua, na najua ulikagua nini. Ulikagua kichwa chako. Hilo ndilo kosa lako, na ni kosa la mtu mwenye kichwa kizuri cha namba anayejua kuwa anacho. Unawasomea watu barua kutoka kwenye karatasi mpaka inapofika namba, hapo unainua macho na kutaja unayoikumbuka. Mteja anaitikia kwa sababu umetaja yake. Karatasi inasema kitu kingine, na nyote wawili hamuitazami. Umewafanyia watu watano hivyo kisha unalaumu plastiki.

Kuhusu vidole, usijitishe kupita kiasi. Kidole kikikuta shimo kinaingia, na macho yako yakiwa kwa mteja hakuna wa kukizuia. Hayo naweza kukueleza. Unga wa mkate siwezi kukueleza, na sitajifanya naweza.

Sasa huyo bibi. Anaitwa Mi Hadda, yaani Mama Hadda kwa mtaa mzima, anakaa ghorofa ya chini karibu na soko la kuku, mtaa wa tatu kutoka kwako, unaweza kwenda kwa miguu. Tulizungumza nusu saa. Mwanawe Zuhair aliondoka kiangazi cha miaka minane iliyopita, kaskazini, na wenzake kumi na wanne, kwa boti ya mpira. Alikuwa na miaka kumi na tisa na viatu vipya. Hawajasikika, yeye wala mmoja wao. Jirani yake, Si Bushta, alikuwa mwandishi wa barua kama wewe, alifunga kibanda macho yalipomwisha, akabaki nyumbani na kibodi yake mpya aliyoinunua siku za mwisho na hakupata kuitumia kwa wateja. Kila Jumatatu alimwandikia Mi Hadda barua, kwa kila ofisi unayoijua na nyingine usizozijua, barua moja moja, hakukubali kutoa nakala, alisema karatasi iliyonakiliwa haisomwi na mtu. Hakuona tena, kwa hiyo hakuangalia vidole. Na tarehe hakuandika. Nilimwuliza Mi Hadda kwa nini, kwa sababu na mimi ile moja yako ilikuwa imenikaa kichwani. Akasema, "Aliiacha wazi. Aliniambia tarehe tutaijaza siku watakayojibu."

Si Bushta alikufa wakati wa masika. Watoto wake waliuza vitu vyake, pamoja na kibodi. Simu ya Mi Hadda ikanyamaza, mwezi baada ya mwezi, mpaka katikati ya Novemba, ikaanza kulia. Watu wa maji, watu wa vibali, watu wa mirathi. Nilimwambia, kwa upole niwezavyo, kwamba hao walikosea namba.

"Najua wamekosea," akasema. "Mimi si mjinga, binti yangu. Lakini wote wanapiga kutoka ofisini. Kwa hiyo barua zangu bado zinafika mezani kwao. Si Bushta aliniambia hataziacha."

Nikamwomba anwani yake, nikaiandika.

Haya, tufanye kazi.

Kibodi usiirudishe kwa Jawad. Achana na hizo arobaini. Wewe ukifika kituo cha tramu yeye atakuwa ameshaiuza, na atakayeinunua atakuwa mwandishi mwingine asiyeangalia vidole, na bibi ataendelea kupigiwa na watu wa mita.

Nunua ile mpya ya mia na kumi. Yenye waya, yenye namba upande wa kulia, herufi za Kiarabu zimechapwa kwenye kitufe chenyewe na si stika, stika zitakuwa zimebanduka kabla ya Idi. Usilipe mpaka umeichomeka hapohapo dukani na kuandika barua nzima, na ubonyeze kile kitufe kirefu cha nafasi pembeni kabisa, kikikwama iache. Ukipata mfuniko wa plastiki wa kuivalisha, uchukue, na chai ya wateja ikae sakafuni kuanzia leo.

Unasema una sitini na hamsini haipo. Mahjuba! Miaka tisa unawaandikia watu madai, na wewe mwenyewe hujamdai aliyekumwagia chai! Ghannu alikuharibia chombo cha kazi, akaondoka na barua yako bila kuilipa, akakuachia dua. Mwandikie barua ya hamsini. Mwandikie kwa mkono. Akikataa, mwambie jina lake limeshatoka gazetini, kwa sababu limetoka, nimeliacha makusudi.

Kuanzia sasa namba ya simu iandike kwanza, kabla ya salamu, ukiiangalia. Kisha mpe mteja karatasi na kidole chake kipite juu ya kila tarakimu. Asiyejua kusoma kabisa anajua sura ya namba yake ya simu. Siku hiyohiyo nenda kwa Lalla Ilham na zile barua tano zilizosahihishwa, mkononi, na umweleze ulichofanyiwa na chombo chakavu. Mashimo ya vitufe kamwonyeshe ayaone kwa macho yake, usimsimulie. Habari ya unga baki nayo.

Na kabla ya hayo yote, kabla ya kununua chochote, chukua hiyo kibodi ya samli, na uende kwa Mi Hadda umwambie asimulie. Rudi naye kibandani uichomeke, umwandikie barua yake. Usiangalie vidole. Andika kwa ofisi ileile aliyoandikiwa mara ya mwisho, anaikumbuka, anakumbuka zote. Hiyo ni barua moja katika kibanda chako ambayo namba ile si kosa. Tarehe iache wazi. Msomee mpaka mwisho, safari hii kutoka kwenye karatasi, apige dole gumba, uipeleke. Lalla Ilham akishayaona yale mashimo, kibodi iweke juu ya kabati la Mi Hadda, ni yake kuliko ilivyo yako, na kila Jumatatu utajua mwenyewe la kufanya.

Atakapokufungulia mlango atakuuliza lile swali. Utasema, "Bado, Mi. Nimekuja kuandika." Hilo ni jibu, na unalo.

Gazeti hili liko mkononi mwako leo Jumanne. Jawad alikupa mpaka Alhamisi alasiri, na mimi nakupa saa hiyohiyo. Nataka neno moja tu, umeandika au hujaandika. Nipigie wewe, namba yangu iko juu ya ukurasa huu. Mimi yako sina.

Lalla Battul